Aliyesadiki Maumivu ya Mgonjwa: Maisha ya Bibi Cicely Saunders



Kila mwaka vijana wa mitaa yetu huingia katika vyuo vya uuguzi, na sisi tunaobaki nyumbani huuguza wazee wetu bila kupita chuo chochote. Makundi haya mawili hukutana mapema na jambo moja, yaani mtu aliyelala kitandani akisema kwamba anaumia. Tumjibu nini? Wengi tumezoea kumwambia avumilie. Wengine husema moyoni kwamba anajidekeza, maana jana walimwona akicheka. Basi katika toleo hili tumeona vema tusimulie maisha ya mama mmoja Mwanglikana aliyepingana na desturi hiyo kwa miaka mingi, hata hospitali nyingi duniani zikabadili namna ya kuwatunza wagonjwa.

Cicely Mary Strode Saunders alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini ya London. Jamaa yake walikuwa na mali, na baba yake alifanya kazi ya kuuza na kupangisha nyumba. Alipelekwa shule ya bweni ya wasichana iitwayo Roedean, lakini hakuwa na furaha huko. Alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, tena mpweke. Baadaye, alipoketi karibu na wagonjwa walioachwa peke yao, hali hiyo haikuwa ngeni kwake.

Mwaka 1938 aliingia Oxford kusoma siasa, falsafa na uchumi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, aliona hawezi kukaa na vitabu wakati watu wanateseka. Mwaka 1940 akaacha masomo, akajiunga na shule ya wauguzi iliyoanzishwa na Florence Nightingale katika Hospitali ya St Thomas' mjini London. Alihitimu mwaka 1944. Lakini kazi ya kuwainua na kuwageuza wagonjwa ilimwumiza mgongo, ambao ulikuwa na kasoro tangu zamani, akalazimika kuiacha kazi aliyoipenda. Hakukata tamaa. Alirudi Oxford akamaliza masomo, kisha akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Katika mwaka 1945 alipata pia imani iliyo hai katika Kristo, akaanza kuomba aonyeshwe kazi ambayo Mungu alitaka aifanye.

Jibu lilikuja kwa njia ambayo hakuitazamia. Mwaka 1947 alikutana wodini na mgonjwa mmoja, David Tasma, Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumu mezani mjini London. Alikuwa na umri wa miaka 40, hana ndugu karibu, na saratani ilikuwa inammaliza. Bibi Cicely alimtembelea mara kwa mara. Wawili hao walizungumza juu ya mahali ambapo mtu anayekaribia kufa angeweza kutulizwa maumivu yake, na tena kuthaminiwa kama mtu. David alifariki Februari 1948, akamwachia paundi 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo ambayo haikuwa imejengwa bado. Ilichukua miaka 19 nyumba hiyo kusimama.

Wakati huo alianza kusaidia jioni katika Hospitali ya St Luke's, London, iliyopokea maskini waliokuwa mahututi. Huko aliona jambo lililomshangaza. Katika hospitali kubwa, dawa ya maumivu ilitolewa mgonjwa alipolia tu. Mgonjwa alingoja mpaka maumivu yamzidi, akaita, muuguzi akatazama saa, na mara nyingi akamwambia muda wake haujafika. Lakini pale St Luke's walitoa mofini kwa mdomo kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa wao walikuwa watulivu, wenye akili timamu, wakizungumza na wageni wao.

Alitamani kuieneza njia hiyo. Daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi, Bwana Norman Barrett, alimshauri asome udaktari kwanza, kwa kuwa madaktari ndio waliowakimbia wanaokufa, na wasingemsikiliza mtu asiye daktari. Fikirini, ndugu wasomaji: alikuwa na miaka 33 alipoketi tena darasani pamoja na vijana, mwaka 1951. Alihitimu mwaka 1957.

Mwaka uliofuata alianza kazi katika Hospisi ya St Joseph's, mashariki ya London, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki kutoka Ireland. Masista wale walikuwa na upendo mwingi, lakini kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa chache. Bibi Cicely alianza kuandika habari za kila mgonjwa: anaumwa wapi, amepewa nini, saa ngapi, na imemsaidiaje. Alinasa pia sauti zao kwa mashine, ili maneno yao wenyewe yasipotee. Kwa miaka 7 alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000.

Kumbukumbu hizo zilipambana na hofu mbili zilizotawala hospitalini. Hofu ya kwanza ilikuwa kwamba mgonjwa wa saratani akipewa mofini atakuwa mtumwa wa dawa. Ya pili ilikuwa kwamba dawa itaacha kufanya kazi, asibakiwe na kitu cha kumsaidia siku za mwisho. Lakini wagonjwa waliopewa kipimo kilichowafaa, kwa saa zake, hawakuonekana wakiitamani dawa kama mlevi anavyotamani pombe. Kinyume chake, aliyeachwa angoje mpaka alie ndiye aliyeishi akiitazama saa ukutani. Hofu ya maumivu yajayo humkaza mgonjwa, humnyima usingizi, na kuyaongeza maumivu yenyewe. Akijua kwamba dawa itakuja kabla hajaumia, hofu hupungua, na mara nyingi kipimo kidogo humtosha.

Hata hivyo hakufundisha kwamba dawa peke yake inatosha. Mwaka 1964 alimwuliza mama mmoja habari za maumivu yake. Mama yule alianza na mgongo, akaendelea na shida za mumewe na mwanawe, fedha na upweke, kana kwamba hakuna sehemu ya maisha yake iliyobaki nzima. Tokea hapo Bibi Cicely alifundisha kwamba maumivu ya mtu yana pande nne: mwili, moyo, jamaa na roho. Baba anayelala kitandani akijua watoto wamerudishwa shule kwa ajili ya karo anaumia. Mtu aliyekosana na ndugu yake, na siku zinakwisha bila kupatana, anaumia. Mofini haiwezi kulipa karo wala kupatanisha ndugu. Lakini ni vigumu pia kumwita mtu apatane na nduguye huku mfupa unamchoma. Kwa hiyo muuguzi huanza na mwili, bila kuishia hapo.

Mwaka 1967 ndoto yake ilitimia. Hospisi ya St Christopher's, iliyopewa jina la mtakatifu wa wasafiri, ilifunguliwa Sydenham, kusini ya London. Ilijengwa juu ya msingi wa Kikristo, lakini mlango ulikuwa wazi kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Pale mlangoni liliwekwa dirisha la kumkumbuka David Tasma. Bibi Cicely alipenda kuwakumbusha wafanyakazi habari za Gethsemane, jinsi Bwana Yesu alivyowaomba wanafunzi wake wakeshe pamoja naye. Hakuwataka wamwondolee kikombe, wala waeleze kwa nini anateseka, bali wawepo tu. Aliona kwamba muuguzi naye hufika mahali ambapo hana la kufanya zaidi, na hapo hapaswi kuondoka.

Mwaka 1969 wauguzi wa St Christopher's walianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya saratani, likishauri dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, kwa saa zilizopangwa, na kwa ngazi, kuanzia dawa nyepesi mpaka ile kali. Mbegu hiyo ilifika Afrika pia. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na ile ya Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kwa sheria wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo waagize mofini wenyewe, kwa kuwa vijiji vingi havina daktari.

Sasa ninyi vijana mnaosoma uuguzi, someni maisha haya kwa makini. Kwanza, msadikini mgonjwa. Maumivu hayaonekani kama kidonda, na anayejua ukubwa wake ni yeye anayeumia. Mtu anaweza kucheka na wageni huku anaumia, na mzee anaweza kunyamaza kwa kuwa alilelewa asilie mbele ya watoto. Pili, ulizeni vizuri: yako wapi, yalianza lini, yanachoma au yanakaza, nini huyazidisha, na kutoka sifuri mpaka kumi ungeyapa ngapi. Asiyeweza kusema, kama mtoto mdogo, mtazameni uso na jinsi anavyojikunja. Tatu, andikeni mlichosikia, toeni dawa iliyoagizwa kwa saa yake, kisha mrudi kuuliza kama imesaidia. Nne, yatazameni madhara yake, kama vile choo kigumu kwa anayetumia mofini, mkamweleze daktari mapema.

Na sisi wa nyumbani, tusichukue dawa kali ya jirani na kumpa mgonjwa wetu, maana kipimo cha mmoja chaweza kumdhuru mwingine. Lakini tusione haya kwenda hospitali kusema kwamba mzee wetu halali usiku. Tusiyafanye maumivu yake kuwa kipimo cha imani. Kuvumilia ni fadhila, lakini si haki mtu mzima wa afya aiagize kwa mwenzake anayeteseka, huku dawa ipo.

Bibi Cicely alipata heshima nyingi. Malkia alimpa cheo cha Dame mwaka 1979, na mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Templeton. Mwaka 1980, akiwa na miaka 61, aliolewa na mchoraji kutoka Poland, Marian Bohusz-Szyszko, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1995. Siku zote alipinga fikira ya kuwaua wagonjwa kwa kuwahurumia, akiamini kwamba anayetulizwa na kupendwa aweza kuishi kweli mpaka mwisho.

Hatimaye saratani ilimpata yeye mwenyewe. Alilazwa St Christopher's, katika nyumba aliyoianzisha, akatunzwa na wauguzi waliofuata mafundisho yake. Hapo ndipo alipofariki tarehe 14 Julai 2005, akiwa na miaka 87.

Juma hili, tunapokwenda kumtazama mgonjwa, tusiwe wepesi wa kumwambia avumilie. Tuvute kigoda, tuketi, tumwulize panapomwuma, na tumsadiki atakapotujibu.