Grace Hopper: Mwalimu wa hisabati aliyeifunza mashine kufasiri

Katika mabenki na maofisi mengi makubwa ya Marekani na Ulaya, hesabu za mishahara, pensheni na bima bado zinapita kwenye programu zilizoandikwa zamani sana, nyingine kabla wasomaji wetu wengi hawajazaliwa. Lugha ya programu hizo inaitwa COBOL. Aprili 2020, korona ilipowatoa watu makazini, gavana wa New Jersey alitoka hadharani kuomba wanaoijua COBOL wajitolee, maana mitambo ya kuwalipa wasio na kazi ilikuwa imezidiwa. Hilo si jambo la wataalamu peke yao. Watu walikuwa majumbani wakingoja fedha ya chakula.

Ukifuata asili ya habari hii utafika kwa mwanamke mmoja mwembamba, mvaa sare za Jeshi la Majini la Marekani, marehemu Bibi Grace Hopper.

Alizaliwa New York tarehe 9 Disemba 1906. Alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya kengele aone inavyofanya kazi. Kuirudisha kukamshinda, akafungua ya pili, na ya tatu, mpaka zikafika saba. Mama yake akamwekea mpaka: achezee saa moja tu, nyingine aziache.

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza 1928, kisha akapata udaktari wa hisabati Yale mwaka 1934. Wakati huo alikuwa keshaanza kusomesha Vassar, na angeweza kukaa hapo mpaka kustaafu. Lakini vita vikaingia. Mwaka 1943 akajiunga na Jeshi la Majini, ingawa umri wake ulikuwa umepita kidogo na uzito wake haukufika kiwango. Ilibidi apewe ruhusa maalumu.

Jeshi likampeleka Harvard mwaka 1944, kwenye mashine iliyoitwa Mark I, yenye urefu wa zaidi ya mita 15. Hapo ndipo alipojifunza kupanga hesabu za mashine, na yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu chake cha maelekezo. Watu humkumbuka kwa kisa cha mwaka 1947, pale nondo alipokutwa ndani ya mashine iliyofuata, Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kazi. Bibi Hopper alikipenda sana kisa hicho na akakisimulia kila mahali, lakini si yeye aliyemkuta huyo mdudu. Kazi yake kubwa ni nyingine.

Siku zile kila programu iliandikwa kwa namba tupu. Mtu akitaka kutumia hesabu ambayo mwenzake keshaiandika, aliinakili kwa mkono kutoka daftarini, namba moja moja. Na binadamu ni binadamu: akinakili hukosea. Hopper aliliona hilo kila siku. Baada ya kuhamia kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC mwaka 1949, akajiuliza kwa nini mashine yenyewe isifanye kazi ya kunakili. Akazikusanya hesabu zilizokwisha kuandikwa, akazitia kwenye utepe na kuipa kila moja namba yake. Mwandishi ataje namba tu, mashine iende kuitafuta na kuipachika. Hiyo ni mwaka 1952, na programu hiyo aliiita A-0. Yeye mwenyewe aliiita kompaila.

Basi hapo ilizaliwa fikra kubwa: programu inayosoma maandishi ya programu nyingine na kuyageuza. Wengi hawakumwamini. Waliona kazi ya kompyuta ni kupiga hesabu, kuandika programu si kazi yake.

Akaenda mbele zaidi. Aliona watu wa biashara hawapendi alama za hisabati, akataka waandike kwa maneno ya kawaida. Akaambiwa kompyuta haijui Kiingereza. Yeye na wenzake wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakabadilisha maneno yake yakawa ya Kifaransa, halafu ya Kijerumani, na mashine ikafanya kazi ile ile. Wakubwa wa kampuni wakashtuka, vipi mashine ya Kimarekani ijue Kifaransa! Hawakuelewa kwamba kwake yeye neno lilikuwa alama tu. Kwa njia ile ile ingewezekana kuandika jumlisha, toa na gawanya kwa Kiswahili, na mashine isione tofauti yoyote.

Kutokana na kazi hiyo ikaja lugha ya FLOW-MATIC. Mwaka 1959 serikali ya Marekani na makampuni ya kompyuta wakakaa pamoja kutafuta lugha moja ya biashara kwa mashine zote. COBOL iliandikwa na kamati, akiwemo Bibi Jean Sammet, na Hopper alikuwa mshauri. Lakini msingi wake mkubwa ulikuwa FLOW-MATIC. Disemba 1960, programu ile ile ya COBOL ilifanya kazi kwenye mashine za makampuni mawili tofauti. Kabla ya hapo, kununua mashine mpya kulikuwa na maana ya kuandika kila kitu upya.

Alistaafu jeshini mwisho wa 1966. Miezi michache tu, Agosti 1967, akaitwa arudi kwa miezi sita. Kilichoharibika ni nini? Kila kampuni ilikuwa imeifanya COBOL kwa namna yake, programu ikikubali hapa inakataa kule. Hopper na vijana wake wakaandika programu za kuzikagua kompaila, moja baada ya moja, kuona ipi inafuata kanuni na ipi imejitungia. Miezi sita ile ikawa miaka 19. Ofisini kwake alitundika saa inayozunguka kinyumenyume, kuwafahamisha wageni kwamba mazoea si sheria.

Alistaafu tena Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington. Jeshi likaipa manowari moja jina lake. Ndugu zetu wa Musandam wana jirani naye kwa namna fulani, maana manowari hiyo imepita katika Mlango wa Hormuz.

Hakuishi kuuona mwaka 2000, pale programu za zamani zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili, ili kubana nafasi, zilipolazimika kutengenezwa duniani kote. Wahandisi walitumia programu zilizopitia mamilioni ya mistari kutafuta kila mahali penye tarehe. Leo pia zipo programu zinazosoma COBOL ya miaka 50, zikaonesha sehemu ipi inaitegemea ipi, na kuigeuza iwe lugha ya kisasa. Zote hizo ni wajukuu wa A-0.

Lakini mashine hugeuza maandishi, haijui kwa nini yaliandikwa. Kama kuna mstari unaomkata mjane sehemu ya pensheni, ni sheria ya zamani au kosa la zamani? Hapo lazima aulizwe mtu, na mara nyingi mtu huyo keshastaafu au keshafariki. Wazazi wenye watoto wanaosoma kompyuta Muscat, Dubai au London, waambieni hivi: kazi ya kurithi programu ya mtu mwingine, kuisoma kwa subira na kuitengeneza bila ya kuvunja riziki za watu, si kazi ya daraja la chini. Bibi Hopper, admirali mzima, aliifanya mpaka uzeeni.