Krapf, aliyeweka lugha sita katika kitabu kimoja

Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani na mtafiti wa lugha, alifika Mombasa mwaka 1844 akitokea Uhabeshi. Miezi michache baadaye homa ilimuua mkewe Rosina, na mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf hakurudi kwao. Alibaki akijifunza Kiswahili kwa wenyeji.

Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, na kitabu kingine kilichopanga sambamba maneno ya lugha sita, zikiwemo Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na Kiyao. Mipaka ilikuwa haijachorwa. Leo wasemaji wa lugha hizo wamo Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji.

Alifariki Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata.