Frederick Lugard: Kijana wa vita vya Karonga ambaye mfumo wake wa utawala uliwafikia machifu wa Kyela

Msafiri anayetoka Kyela mjini kuelekea mpaka wa Kasumulu hupita katikati ya mashamba ya kakao, mpunga na migomba kabla ya kufika katika Mto Songwe. Ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Malawi, na kusini zaidi, kandokando ya Ziwa Nyasa, upo mji wa Karonga. Katika uwanda huo, mwezi Juni 1888, Mwingereza mwenye umri wa miaka 30 alipigwa risasi alipokuwa akiukwea ukuta wa boma la wafanyabiashara ya watumwa. Kijana huyo, Frederick Lugard, alinusurika, na baadaye akawa Gavana Mkuu wa Nigeria na mmoja wa watu waliochangia zaidi kuunda namna Waingereza walivyotawala Afrika, ikiwemo Tanganyika.

Mataifa mengi husimulia ujana wa viongozi wao kama maandalizi ya uongozi. Nchini Marekani, wananchi hukumbuka kuwa Rais Abraham Lincoln, kabla ya kuwa mwanasheria, alipigana mieleka na Jack Armstrong katika kijiji cha New Salem mwaka 1831, na kwa nguvu za mwili wake akajipatia heshima ya vijana wa mpakani. Ujana wa Lugard nao ulipimwa mpakani. Tofauti ni kwamba mpaka huo haukuwa wa nchi yake. Ulikuwa nchi ya Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde, na matokeo ya pambano lile yaliwagusa wao kuliko yalivyomgusa yeye.

Lugard alizaliwa tarehe 22 Januari 1858 mjini Madras, India, ambako baba yake alikuwa kasisi. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akakulia Uingereza katika familia isiyo na mali nyingi. Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa afisa wa jeshi, na kabla ya kutimiza miaka 30 alikwishapigana Afghanistan, Sudan na Burma. Alikuwa mtu mfupi na mwembamba, lakini mwenye ustahimilivu mkubwa na bidii ya kazi iliyowashangaza wenzake.

Mwaka 1887 maisha yake yalivurugika. Mwanamke aliyempenda alimwacha, afya yake ikadhoofika, na utumishi wake jeshini ukasimama. Akaondoka Ulaya akiwa na fedha kidogo, abiria wa daraja la chini melini, asijue kwa hakika anakokwenda. Alitamani kupata jambo la heshima la kulifia. Safari hiyo ilimfikisha pwani ya Msumbiji, kisha Blantyre, na huko ndiko alikosikia habari za vita vya kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Vita hivyo vilitokana na biashara. Kampuni ya Maziwa ya Afrika, iliyoanzishwa na Waskoti mwaka 1878, ilikuwa na kituo Karonga kwa ajili ya kununua pembe za ndovu. Karibu na hapo alikuwepo Mlozi, mfanyabiashara aliyetoka upande wa pwani, aliyejenga maboma imara pamoja na wenzake na kujitangaza kuwa mtawala wa Wangonde. Bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu na binadamu.

Mwezi Oktoba 1887 watu wa Mlozi waliwashambulia Wangonde. Familia nyingi zilikimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe. Matete hayo yakachomwa moto. Waliotoka walikutana na bunduki na mikuki, na waliobaki majini wakawa chakula cha mamba. Walionusurika walitawanyika, na wengi walivuka Mto Songwe kwenda kaskazini kutafuta hifadhi kwa ndugu zao Wanyakyusa. Mwezi uliofuata kituo cha kampuni kilizingirwa kwa siku kadhaa, na wapiganaji kutoka upande wa kaskazini walikuwa miongoni mwa waliosaidia kukinusuru.

Katika hali hiyo, Lugard alikubali kuongoza kikosi cha kampuni. Kikosi kilikuwa na Wazungu wachache na mamia ya Waafrika, wakiwemo Watonga kutoka magharibi mwa ziwa, na sehemu ya safari ilifanyika kwa meli ndogo ya Ilala, meli ya kwanza ya mvuke kuelea katika Ziwa Nyasa. Walipofika Karonga walikuta vijiji vilivyoteketea na wenyeji waliokuwa wakisubiri kurudi makwao.

Shambulio lilifanyika alfajiri. Maboma ya Mlozi na wenzake yalijengwa kwa magogo yaliyosimikwa ardhini na kukandikwa udongo mzito, huku miiba ikiwekwa juu. Hapakuwa na ngazi wala mlango uliokuwa wazi. Lugard alitangulia mbele na kujaribu kuukwea ukuta. Risasi iliyofyatuliwa kutoka ndani kwa karibu sana ilipita katika mkono mmoja, ikachana kifua na kuumiza mkono wa pili. Kikosi kikarudi nyuma na boma halikutekwa. Kwa miezi mingi baadaye Lugard aliuguza majeraha hayo, na mkono wake wa kushoto haukurejea kuwa mzima kabisa.

Hakukata tamaa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 mzinga mmoja mdogo uliletwa kutoka pwani kwa matumaini kwamba ungebomoa kuta zile. Makombora yalipenya udongo na kuacha matundu, lakini magogo yakabaki yamesimama. Mwaka huohuo Lugard aliondoka Karonga bila ushindi, akarudi Uingereza kuishawishi serikali na wafadhili kwamba nchi zinazozunguka ziwa zichukuliwe chini ya himaya ya Kiingereza. Mlozi aliendelea na shughuli zake hadi Desemba 1895, aliposhindwa na majeshi ya Harry Johnston na kunyongwa.

Wakati huo mpaka ulikwishachorwa. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliufanya Mto Songwe kuwa mstari wa kutenganisha himaya zao. Wangonde wakabaki kusini chini ya Waingereza, na Wanyakyusa kaskazini chini ya Wajerumani. Watu wa lugha moja, wanaooana na kuzikana, wakajikuta raia wa tawala mbili. Waliokuwa wamekimbilia kaskazini mwaka 1887 hawakuulizwa, wala waliowapokea.

Lugard mwenyewe aliendelea mbele. Mwezi Desemba 1890 alikuwa Buganda, akimshinikiza Kabaka Mwanga kutia saini mkataba. Mwaka 1892 bunduki zake za Maxim ziliamua vita vya Mengo. Baadaye akapelekwa Nigeria ya Kaskazini, ambako kuanzia mwaka 1900 alitawala eneo kubwa kwa maafisa wachache na fedha kidogo. Hapo ndipo alipojenga mfumo uliompa umaarufu: kuwaacha watawala wa jadi katika nafasi zao, wakusanye kodi na kuamua kesi, huku afisa wa Kiingereza akiwa juu yao. Mwaka 1914 aliziunganisha Nigeria ya Kaskazini na ya Kusini, akawa Gavana Mkuu hadi mwaka 1919. Mwaka 1922 alieleza fikra zake katika kitabu kilichosomwa na maafisa wa kikoloni katika makoloni mengi ya Uingereza.

Kwa njia hiyo Lugard alirudi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, safari hii bila kukanyaga ardhi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Lugard akawa mjumbe wa tume iliyokagua taarifa za maeneo hayo hadi mwaka 1936. Mwaka 1925 Donald Cameron, aliyewahi kufanya kazi chini yake Nigeria, aliteuliwa kuwa Gavana wa Tanganyika. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na mfumo wa Nigeria ukaanza kutumika hadi Rungwe na uwanda wa Kyela.

Hapo ndipo kasoro yake ilipoonekana. Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja kama watawala wa Kaskazini mwa Nigeria. Walikuwa na machifu wengi wadogo, kila mmoja na eneo lake. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na ulipofika wakati, kwa sherehe maalumu, kizazi cha wazee kilikabidhi ardhi na madaraka kwa kizazi kipya. Chifu aliyezeeka alitarajiwa kupisha. Utaratibu wa kikoloni ulihitaji majina machache ya kudumu katika daftari la ofisi, watu wa kujibu kuhusu kodi na kesi. Baadhi ya machifu wakapandishwa juu ya wenzao waliokuwa sawa nao, na uwajibikaji wao ukaelekezwa zaidi kwa Afisa wa Wilaya kuliko kwa watu wao.

Lugard alifariki nyumbani kwake Uingereza tarehe 11 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 87. Miaka 16 baadaye Tanganyika ikapata uhuru, na mwaka 1963 Serikali ikafuta mamlaka ya kisheria ya machifu. Viongozi wa jadi wakabaki na heshima yao katika mila, na utawala ukawa mikononi mwa vyombo vinavyowajibika kwa wananchi wote.

Historia ya Lugard ina pande mbili. Ujasiri wake mbele ya boma lile ni jambo la kweli, na biashara aliyokwenda kuipiga vita ilikuwa uovu ulioacha makaburi katika matete ya Kambwe. Lakini aliyekuja kama mtetezi alihitimisha kwa kuamini kwamba aliowatetea hawawezi kujitawala, na imani hiyo ikageuka kuwa sheria. Wangonde na Wanyakyusa waliohifadhiana mwaka 1887, bila mkataba wala gavana, walikwishaonyesha kinyume chake. Leo jamaa zao huvuka daraja la Songwe kila siku kwenda sokoni, harusini na misibani, na undugu huo umedumu kuliko himaya zote mbili zilizochora mpaka katikati yake.