Mwalimu Sally Bein alibaki na watoto wa Beelitz

Sally, kwa Wayahudi wa Ujerumani wa zamani, lilikuwa jina la mwanaume. Sally Bein alikuwa mwalimu, na kazi yake alifanyia pahali pamoja: Beelitz, muji mudogo karibu na Potsdam, si mbali na Berlin. Mwaka wa 1908, umoja wa jamii za Wayahudi, Deutsch-Israelitischer Gemeindebund, ulifungua pale nyumba ya kulea na kusomesha watoto Wayahudi wenye kuchelewa kiakili. Bein akapewa kuiongoza. Mke wake alikuwa naye.

Kwa nini nyumba ya Wayahudi peke yao? Wakati ule nyumba nyingi za watoto kama hao zilikuwa mikononi mwa makanisa. Mutoto Myahudi akipelekwa kule, anakula chakula chenye dini yake inakataza, Sabato inapita kama siku ingine yote, na sala anazofundishwa si za kwao. Wazazi wengine waliona afazali mutoto abaki nyumbani bila masomo. Beelitz ilipokea watoto kutoka sehemu mbalimbali za Ujerumani. Waliishi palepale, wakasoma polepole, wakashika siku kuu zao. Mutoto mwenye masomo ya kawaida yalikuwa yamemushinda hakuonekana kuwa mutu wa kutupwa.

Halafu Hitler akashika serkali mwaka wa 1933. Mwezi wa saba wa mwaka ule ilitoka sheria ya kufunga watu uzazi kwa nguvu, na sababu ya kwanza iliyoandikwa ndani yake ilikuwa udhaifu wa akili wa kuzaliwa. Watu karibu 400,000 walifungwa uzazi hivyo. Kwa hiyo wanafunzi wa Bein walichukiwa mara mbili: kwa kuwa Wayahudi, na kwa akili yao.

Mwaka wa 1938, mwezi wa kumi na moja, watoto Wayahudi wote walifukuzwa katika masomo ya serkali. Familia nyingi zilitafuta kutoka inchi. Hapa ndipo shida ya Beelitz ilipokuwa kali kupita. Mwenye afya na ujuzi wa kazi aliweza kupata viza, hata kwa taabu. Lakini mutoto mwenye ulemavu wa akili, nani angemupokea? Marekani ilikuwa na sheria tangu 1917 yenye kukataza watu kama hao kuingia. Mutu mwenye amewahi kukimbia vita na mutoto asiyeweza kutembea mwenyewe anajua uzito wa jambo hili: familia inaweza kupona, lakini huyu je?

Mwaka wa 1940 mauaji yakaanza karibu kabisa. Serkali ilikuwa imefungua pahali pa kuua wagonjwa kwa gazi katika muji wa Brandenburg, katika eneo lilelile la Beelitz. Mwezi wa saba wagonjwa Wayahudi wa Berlin na maeneo ya pembeni walikusanywa wakapelekwa kule. Watu wa Beelitz hawakuwa mbali na habari hizo.

Bein aliendelea kuongoza nyumba. Mwezi wa kumi 1941 Wayahudi walikatazwa kabisa kutoka Ujerumani, na njia ya mwisho ikafungwa, hata kwa walimu. Tangu 1908 hata wakati ule, miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita. Watoto wa kwanza wa Beelitz walikuwa watu wazima.

Mwaka wa 1942 nyumba ilivunjwa. Wanafunzi na wafanyakazi walipelekwa mashariki. Mwezi wa sita Bein mwenyewe, mke wake na binti yao walitiwa ndani ya treni, pamoja na watoto waliobaki, hadi Sobibor, kambi ya mauaji katika Poland iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Hakuna mmoja wao aliyerudi.

Masomo ya sekondari ya Beelitz leo yanaitwa Sally-Bein-Gymnasium.