Fundi Asiyejua Kupiga Gitaa

Nataka kuwasimulia habari za Bwana Leo Fender, fundi ambaye magitaa yake yamejulikana dunia nzima, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909, katika jimbo la California, Marekani. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja kwa maradhi. Shuleni alisomea kazi ya hesabu, na mambo ya redio alijifundisha mwenyewe. Kazi ya hesabu ilipompotea katika dhiki ya miaka ya 1930, alikopa dola 600, na mwaka wa 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton.

Wanamuziki walimletea amplifaya zilizoharibika, naye akawasikiliza kwa makini. Mpigaji akilalamika kwamba sauti ni nzito mno, alibadili. Akisema inapotea kati ya ngoma, alibadili tena. Kwa njia hiyo akatoa gitaa la Telecaster, akatoa besi ya umeme mwaka wa 1951, na Stratocaster mwaka wa 1954.

Yeye alipenda sauti safi kama kengele. Lakini vijana walizifungulia amplifaya zake mpaka mwisho, valvu zikashindwa, sauti ikakwaruza, nao wakaupenda mkwaruzo ule. Mwaka wa 1962, huko London, Jim Marshall na mafundi wake waliiga amplifaya ya Fender iitwayo Bassman. Baadaye Randall Smith wa Mesa Boogie alianza kwa kuziongezea nguvu amplifaya ndogo za Fender. Katika miaka ya 1980 bendi za metali ya thrashi, kama Metallica na Slayer, zilitumia vyombo vya ukoo huo kutoa rithimu nzito, kavu, yenye kukata kama panga.

Bwana Fender aliuza kampuni yake mwaka wa 1965 kwa dola milioni 13, lakini hakuacha kuunda magitaa. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991.

Kwetu Kyebando, hapa Kampala, tuna bendi ya vijana wapendao thrashi. Mimi vidole vyangu ni vizito, na mtu mmoja aliniambia kuwa asiyepiga chombo hana kazi katika bendi. Maneno hayo yaliniuma sana. Hata nilipojua maisha ya Fender, nikaenda kukaa mbele ya spika.

Mwenzangu huzibana nyuzi kwa ukingo wa kiganja, nami hugeuza vitufe vya amplifaya. Mkwaruzo naupunguza mpaka kila pigo lisikike peke yake, kwa maana ukizidi, mapigo ya haraka hugandana kama uji. Besi naishusha, ili mpigaji wa besi apate nafasi yake. Sauti ya kati siiondoi yote: gitaa lisilo nayo hupendeza likiwa peke yake, bali ngoma zikianza humezwa. Kwa hiyo hupima wote wakipiga pamoja.

Siku hizi hawaanzi wimbo kabla sijasema tayari. Ndugu zangu, msimdharau mwenye sikio kwa kuwa hana mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa.