George Frederick Kunz: Mtafuta Vito Aliyeuliza Kila Jiwe Limetoka Wapi

Na Mwandishi Wetu

Kila mwanzoni mwa mwaka, mji wa Tucson katika jimbo la Arizona nchini Marekani hufurika wafanyabiashara na wakusanyaji wa madini kutoka pande zote za dunia. Katika maonesho hayo, yaliyoanza mwaka 1955, fuwele za tanzanaiti kutoka Mirerani hupangwa jirani na zumaridi za Kolombia na turmalini za Brazili. Mkusanyaji mzoefu anapoinua sampuli kutoka mezani, huitazama rangi na umbo, kisha huuliza swali ambalo jibu lake linaweza kupandisha au kushusha bei: jiwe hili limetoka mgodi gani?

Miongoni mwa watu waliolipa swali hilo uzito ni George Frederick Kunz, mtaalamu wa vito wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1932. Jina lake halivumi sana nchini, lakini kampuni aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka 50, Tiffany ya New York, ndiyo iliyolipa jiwe la Mirerani jina la tanzanaiti mwaka 1968. Maisha yake yanaonesha namna jiwe linavyopata thamani, na kile kinachopotea pale anayelichimba anapokuwa hajui alichokishika mkononi.

Kunz alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1856 katika kisiwa cha Manhattan, New York, na kukulia Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson katika jimbo la New Jersey. Akiwa mtoto alivutiwa na madini aliyoyaona yakioneshwa katika jumba la makumbusho la Barnum. Wakati huo mahandaki ya reli yalikuwa yakichimbwa katika kilima cha Bergen, si mbali na kwao. Baruti ilipopasua mwamba, ndani yake zilionekana fuwele za aina nyingi, ambazo kwa wajenzi wa reli zilikuwa kifusi tu. Kijana Kunz aliziokota, akazisafisha, akaziandikia mahali zilipotoka, kisha akaanza kubadilishana sampuli kwa barua na wakusanyaji wa mbali.

Kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa na vipande zaidi ya 4,000, ambavyo aliviuza kwa Chuo Kikuu cha Minnesota kwa dola 400. Fedha hizo hazikuwa nyingi kwa mkusanyiko mkubwa kiasi hicho, lakini mauzo hayo yalimfanya atambulike kuwa mtu anayejua madini. Elimu yake rasmi ilikuwa ndogo. Alihudhuria masomo ya jioni katika taasisi ya Cooper Union bila kuhitimu, na mengi aliyoyajua aliyapata kwa kusoma vitabu na kushika mawe. Baadaye vyuo vikuu vya Columbia na Marburg vilimtunuku shahada za heshima.

Katika miaka hiyo masonara wakubwa walishughulika zaidi na almasi, yakuti, zumaridi na lulu. Mawe mengine ya rangi yalihesabiwa kuwa ya wanasayansi na wakusanyaji. Mwaka 1876 Kunz alimpelekea Charles Lewis Tiffany, mwenye duka maarufu la vito jijini New York, jiwe la turmalini. Tiffany alilipenda, akalinunua. Miaka mitatu baadaye, Kunz akiwa na umri wa miaka 23, aliajiriwa na kampuni hiyo kuwa mtaalamu wake wa vito, na kwa miaka iliyofuata akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni.

Moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu jiwe la Afrika. Almasi ya manjano yenye uzito wa karati 287.42, iliyochimbwa Kimberley nchini Afrika Kusini, ilinunuliwa na Tiffany mwaka 1878 na kukatwa jijini Paris chini ya usimamizi wa Kunz. Ilipokamilika ilikuwa na pande 82 zilizong'arishwa na uzito wa karati 128.54. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na vumbi la mkataji ili sehemu iliyobaki ing'ae. Hesabu hiyo huikabili kila fuwele nzuri hadi leo. Sonara huihitaji ikatwe, ilhali makumbusho na mkusanyaji huihitaji ibaki kama ilivyotoka ardhini. Ikishakatwa, hairudi tena katika umbo lake la asili. Kunz alizitumikia pande zote mbili maisha yake yote.

Kuanzia mwaka 1883 alifanya kazi pia na Idara ya Jiolojia ya Marekani, akiandaa taarifa kuhusu uzalishaji wa vito nchini humo. Kazi hiyo ilimwezesha kujua nani amepata nini na katika kijiji gani. Alifuatilia turmalini za Maine, akafika hadi milima ya Ural nchini Urusi, na hakudharau hata mitaa ya mji wake. Mwaka 1885, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa maji taka katika Mtaa wa 35, New York, walikuta garneti moja yenye uzito unaozidi kilo nne. Kunz aliiandikia taarifa, na leo jiwe hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani jijini humo. Mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Klabu ya Madini ya New York, ambako wakusanyaji walikutana kuoneshana na kujadili sampuli zao. Mwaka 1890 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu vito vya Amerika Kaskazini.

Umuhimu wa utaalamu wa namna hiyo unaonekana katika visa viwili vya wakati wake. Katika kijiji cha Eagle, jimbo la Wisconsin, mwaka 1876 watu waliokuwa wakichimba kisima walikuta jiwe la rangi ya manjano. Miaka saba baadaye, mwanamke aliyekuwa nalo alilipeleka kwa sonara, akaliuza kwa dola moja. Jiwe lilikuwa almasi ya karati zaidi ya 15, na sonara huyo aliliuza kwa Tiffany kwa dola 850. Mwanamke alifungua kesi kudai haki yake, lakini Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba mauzo yalikuwa halali, kwa kuwa wakati wa kuuziana hakuna kati yao aliyejua jiwe lile ni nini.

Kisa cha pili kilitokea Montana miaka ya 1890. Mchimbaji wa dhahabu aitwaye Jake Hoover aliona vijiwe vya buluu vikibaki katika chombo chake cha kuchekechea mchanga. Badala ya kuvitupa alivihifadhi, na vikatumwa kwa Tiffany katika kisanduku cha sigara. Kunz alivipima, akathibitisha kuwa ni yakuti samawi za daraja la juu, na inasimuliwa kwamba Hoover alipokea hundi ya dola 3,750. Kati ya dola moja ya Wisconsin na hundi ya Montana, tofauti ilikuwa mtu mmoja aliyejua kulitambua jiwe na kumweleza ukweli aliyelileta.

Sifa ya Kunz duniani ilikua zaidi kupitia maonesho ya kimataifa. Kwa Maonesho ya Paris ya mwaka 1889 alikusanya vito vya Amerika ili kuonesha kwamba bara hilo lina utajiri wake wa mawe, na kila kipande kiliambatana na maelezo ya mahali kilipopatikana. Tajiri wa benki J. P. Morgan aliununua mkusanyiko huo na kuutoa kwa Makumbusho ya Historia ya Asili. Vito vya Tiffany vilivyooneshwa Chicago mwaka 1893 vilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya mji huo. Kunz akaandaa mkusanyiko mwingine kwa Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, nao Morgan akaununua na kuukabidhi kwa makumbusho ya New York. Mwaka huohuo Morgan aliinunulia makumbusho hiyo madini zaidi ya 12,000 yaliyokusanywa na Clarence Bement wa Philadelphia. Kwa njia hiyo, mawe ambayo yangeweza kuishia katika pete za matajiri yakawa mali ya umma.

Kuwekwa makumbusho hakukuwa kinga kamili. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, 1964, wezi waliingia katika ukumbi wa vito wa makumbusho ya New York. Yakuti kubwa ya Sri Lanka iitwayo Nyota ya India, yenye karati 563.35, ilipatikana mwezi Januari uliofuata. Almasi ya Wisconsin, iliyokuwa imefika hapo kupitia kwa Morgan, haijaonekana tena. Kinachobaki ni kumbukumbu zilizoandikwa, zinazoeleza ilichimbwa wapi na ilikuwa na uzito gani.

Kunz alipigania pia kipimo cha haki. Katika enzi yake karati ya mji mmoja haikulingana na ya mji mwingine, na mwenye jiwe asiyejua tofauti hiyo angeweza kupunjwa. Alikuwa miongoni mwa watetezi wa karati moja ya kimetriki yenye miligramu 200. Kipimo hicho kiliidhinishwa kimataifa mwaka 1907 na kuanza kutumika Marekani mwaka 1913. Ndicho kinachotumika leo katika mizani ya wauza vito duniani kote, Tanzania ikiwemo.

Upande mmoja wa historia hii unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1902 wachimbaji wa Pala, California, walipata fuwele za waridi zenye rangi ya zambarau kwa mbali, ambazo zilitumwa kwa Kunz ili azichunguze. Mwaka uliofuata mkemia Charles Baskerville alizipa jina la kunzaiti kwa heshima yake. Ilipopatikana berili ya waridi nchini Madagaska, Kunz mwenyewe alipendekeza iitwe morganaiti, kwa heshima ya Morgan, na jina hilo likakubaliwa mwaka 1910. Mtaalamu na tajiri walibaki katika majina ya mawe. Waliochimba hawakukumbukwa, na katika jina la berili ile hata kisiwa ilikotoka hakikutajwa.

Kwa sababu hiyo jina la tanzanaiti lina uzito wa pekee. Jiwe hilo lilipogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, wataalamu walilitambua kuwa ni aina ya zoisaiti. Kampuni ya Tiffany ilipoliingiza sokoni mwaka uliofuata, ililipa jina la nchi lilikotoka. Mwaka 1974 ikafanya hivyo kwa garneti ya kijani inayopatikana Tanzania na Kenya, ikaiita tsavoraiti kutokana na Tsavo. Kunz alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi, lakini desturi ya kampuni hiyo kutafuta mawe mapya na kuyatambulisha kwa dunia ilikuwa imejengwa na kazi yake.

Jina hilo limewekewa ulinzi pia. Ukuta wa takriban kilomita 24.5 ulijengwa kuzunguka machimbo ya Mirerani na kuzinduliwa mwaka 2018, na masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019 ili mchimbaji auze mahali penye mizani na wathamini. Mwaka 2020 Serikali ilinunua mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kutoka kwa mchimbaji mdogo kwa shilingi bilioni 7.74. Muuzaji huyo alijua alichokuwa nacho, kwa uzito na kwa thamani, kabla ya jiwe kutoka mikononi mwake. Mwanamke wa Wisconsin hakuwa na mahali pa kupata huduma hiyo.

George Frederick Kunz alifariki dunia jijini New York tarehe 29 Juni, 1932 akiwa na umri wa miaka 75. Maktaba yake ya vitabu kuhusu vito ilipelekwa katika Idara ya Jiolojia ya Marekani, na sampuli zilizopita mikononi mwake zingali katika makumbusho mbalimbali. Kwa wachimbaji, wafanyabiashara na vijana wanaosomea jiolojia nchini, somo lake la kwanza halihitaji mtaji mkubwa. Kabla ya jiwe kuondoka mgodini, iandikwe karatasi ndogo inayotaja mgodi, kina na tarehe, na isitenganishwe na jiwe hilo. Ndivyo alivyofanya kijana wa Hoboken kwa mawe aliyoyaokota katika kifusi cha reli.