Carolus Clusius, Mtunza Bustani wa Leiden

Watu wa Ulaya ya kaskazini wana majira ya baridi, ambayo sisi tukaao karibu na ikweta hatuyajui. Kwa muda wa miezi mitatu au minne miti husimama mitupu bila jani, ardhi hukazwa na jalidi, na bustani huonekana kana kwamba imekufa. Lakini katika Februari na Machi, miti mikubwa ikingali haijavaa majani, maua madogo hutokea chini yake mwituni na mbele ya nyumba za watu, meupe, ya manjano, ya samawati na mekundu. Hayo ndiyo maua ya majira ya kuchipua. Mengi katika hayo hutoka katika tunguu, yaani sehemu ya mmea iliyofichwa udongoni, mfano wa kitunguu cha jikoni. Ndani ya tunguu mmea umejiwekea akiba ya chakula, na ua la mwaka ujao hukaa humo likiwa dogo sana, limekunjwa, likingoja wakati wake. Kwa sababu hiyo mmea huo waweza kuchanua upesi, kabla majani ya miti hayajaziba nuru ya jua.

Wengi waonao maua hayo hudhani ya kuwa yalikuwapo bustanini mwao tangu zamani. Sivyo. Tulipa, ambalo leo ni kama alama ya nchi ya Uholanzi, lilitoka Uturuki na nchi zilizo mashariki yake. Ni vema basi tueleze habari za mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa kupita wengi katika kuyaeneza maua haya. Jina lake Carolus Clusius.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1526 mjini Arras, ambao leo umo katika Ufaransa, lakini siku zile ulikuwa katika milki ya Kaisari Karl wa Tano. Kwao aliitwa Charles de l'Écluse. Nalo jina Clusius ni la Kilatini, kama ilivyokuwa desturi ya wenye elimu wa wakati ule. Alijifunza sheria katika mji wa Louvain, akafaulu. Walakini moyo wake haukutulia katika sheria. Katika mwaka 1548 akaenda Marburg, na mwaka uliofuata akafika Wittenberg, akaketi miguuni pa Philipp Melanchthon. Martin Luther alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu mbele, lakini chuo kilikuwa kikali kinavuta vijana kutoka pande nyingi. Clusius akashikamana na imani ya Matengenezo, nayo ikamgharimu baadaye, kama tutakavyoona.

Kutoka huko akasafiri mpaka Montpellier, katika Ufaransa ya kusini, kujifunza uganga kwa Guillaume Rondelet, akakaa nyumbani mwake. Siku zile mganga hakuwa mganga asipojua mimea, maana dawa karibu zote zilitoka katika majani na mizizi. Lakini Clusius aliyaona majani hayo kwa jicho la namna nyingine. Wenzake waliuliza mmea huu waponya nini. Yeye aliuliza pia mmea huu ni upi, waota wapi, wachanua lini, na watofautianaje na nduguye. Maisha yake yote hakufanya kazi ya uganga, wala hakuoa. Alifasiri vitabu vya wengine, akafundisha na kuongoza vijana wa matajiri safarini, akakusanya mimea. Katika miaka ya 1564 na 1565 alizunguka Hispania na Ureno pamoja na kijana wa ukoo wa Fugger, akarudi na mimea mingi ambayo haijapata kuandikwa katika kitabu cho chote. Habari zake akazipiga chapa mjini Antwerp katika mwaka 1576.

Yeye mwenyewe ameandika jambo lililotokea katika mji huohuo wa Antwerp mwaka 1562. Mfanya biashara mmoja aliletewa nguo kutoka Konstantinopoli, ndio Istanbul wa leo, na pamoja na nguo akakuta matunguu. Akadhani ni vitunguu vya kigeni. Mengine akayachoma katika makaa, akayala kwa mafuta na siki. Yaliyobaki akayatupa udongoni katikati ya kabichi zake, yakapuuzwa, yakafa karibu yote. Machache yakaokolewa na mtu wa Mechelen, jina lake Joris Rye, aliyependa bustani. Huyo aliyatunza yakachanua. Mtu wa kwanza alikuwa nayo mkononi asijue ni kitu gani. Na kama jirani mwenye kujua asingalipita, yasingalisalia.

Katika mwaka 1573 Kaisari Maximilian wa Pili alimwita Clusius aje Vienna kutengeneza bustani yake. Huko alipata rafiki mwenye msaada mwingi, Ogier Ghiselin de Busbecq, aliyekuwa balozi wa Kaisari kwa Sultani Suleimani. Busbecq akampa mbegu na matunguu ya tulipa. Mbegu zilikuwa za zamani, na Clusius hakuzitumainia sana. Akazipanda hata hivyo, nazo zikaota kwa wingi. Hapa yafaa wasomaji wajue ya kwamba tulipa la mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua lake la kwanza, na rangi yake haitabiriki. Lakini vitoto vitokeavyo ubavuni mwa tunguu hufanana na mama yao. Clusius akapanda, akangoja, akaandika rangi zote zilizotokea. Aliona pia ya kuwa mengine hugeuka, yakawa na michirizi mizuri kama ndimi za moto, lakini mmea wenye michirizi hiyo hudhoofika mwaka kwa mwaka. Alidhani ni mmea unaomuaga bwana wake kwa uzuri. Katika karne ya 20 ndipo wataalamu walipogundua ya kuwa ni ugonjwa, na ya kuwa huenezwa na vidukari.

Tena hakutazama mashariki tu. Alipanda milima ya Austria, akatafuta maua yaotayo miambani na chini ya miti ya mwituni, akajaribu kuyakalisha bustanini. Hakuona haya kuwauliza wanawake wa shamba waliouza majani na mizizi sokoni Vienna. Majina waliyoyatumia wao aliyaandika kitabuni pamoja na majina ya Kilatini. Mtu wa chuo aliyejua lugha nyingi alikubali kufundishwa na mama aliyeketi chini na kikapu chake.

Basi Maximilian alikufa mwaka 1576, na mwanawe Rudolf wa Pili akaketi mahali pake. Mwaka uliofuata Clusius akaondolewa katika kazi. Kaisari mpya alikuwa Mkatoliki asiyetaka Waprotestanti barazani mwake, wala bustani ile hakuijali. Kazi ya miaka minne ikaachwa. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, asiye na mke, wala mtoto, wala shamba lake mwenyewe, alibaki katika mji wa ugeni.

Lakini hapo ndipo tuonapo maana ya tabia aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Clusius hakuwa amejifungia maua yake. Kila mwaka aliyachimba matunguu, akayafunga vizuri, akayatuma kwa rafiki zake: Antwerp, Mechelen, Uingereza, Ujerumani, Italia. Wao nao walimtumia waliyo nayo. Kwa hiyo bustani ya Kaisari ilipoachwa, maua yake hayakwisha, maana yalikuwa yakichanua katika bustani nyingi za watu wengine. Huko Vienna alipokewa nyumbani kwa daktari Johann Aichholz, akapanda tena, akakaa hata mwaka 1588. Mwaka huohuo aliletewa viazi viwili kutoka Mons, mmea wa Amerika ya kusini ambao watu wachache tu wa Ulaya walikuwa wameuona. Akavipanda, akavigawa navyo pia. Yeye ni mmoja wao waliokitawanya kiazi kile ambacho baadaye kililisha mataifa.

Kutoka Vienna alihamia Frankfurt, ambako mtawala wa Hesse, Wilhelm wa Nne, alimsaidia kwa posho. Huko alianguka, nyonga yake ikateguka, na tangu siku ile akatembea kwa magongo. Ingaliweza kuwa mwisho wa kazi yake. Lakini Chuo cha Leiden katika Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1575 baada ya mji ule kuzingirwa na majeshi ya Hispania, kilitaka bustani ya elimu. Bibi mmoja mkuu, Marie de Brimeu, aliyependa sana maua na kuandikiana naye barua, akamsemea kwa bidii. Oktoba 1593 Clusius akafika Leiden, mzee wa miaka sitini na saba. Kwa kuwa hakuweza kuinama, mwuza dawa wa Delft aitwaye Dirck Cluyt aliwekwa awe mkono wake. Katika mwaka 1594 bustani ikapandwa, mimea zaidi ya elfu moja katika kiwanja kidogo, na matulipa yakachanua.

Wengine wamesimulia ya kwamba mzee huyu alikuwa bahili, akataka bei kubwa mno, hata watu wakaja usiku kumwibia. Ni kweli ya kuwa aliibiwa, tena si mara moja, akahuzunika sana. Lakini barua zilizosalia mpaka leo, zaidi ya elfu moja alizoandikiwa na watu mbalimbali, zaonyesha mtu wa namna nyingine. Aliwapa bure wale waliopenda mimea na kuitunza. Waliomchukiza ni wale waliotafuta ua kwa kujionyesha au kwa kuuza, wasiotaka hata kujua jina lake.

Alikufa Leiden tarehe 4 Aprili 1609, katika majira ya kuchipua, akazikwa katika kanisa la Vrouwekerk. Hakuona yaliyofuata. Miaka ishirini na minane baadaye, wafanya biashara wa Uholanzi walikuwa wakiuziana matunguu yaliyo bado udongoni, bila kuyaona, na bei ya tunguu moja adimu ilifikia bei ya nyumba. Katika Februari 1637 wanunuzi mjini Haarlem wakakataa ghafula, na bei ikaanguka. Walioshika hati za ahadi wakabaki na karatasi. Matulipa yenyewe hayakujua neno. Aprili ilipofika yakachanua kama kawaida.

Wasomaji wetu wenye bustani kando ya nyumba au ya kanisa watafahamu jambo moja alilojua kila mpanda matunguu. Ua likisha kunyauka, mtu asiye na subira huyakata majani yake, kwa kuwa hayapendezi tena. Lakini majani hayo ndiyo yanayolisha tunguu kwa mwaka ujao. Hayana budi kuachwa hata yageuke manjano na kulala yenyewe. Na tunguu likisha kushiba huzaa vitoto ubavuni, vikasongamana. Asiyevitenga huona maua yake yakipungua mwaka kwa mwaka. Avichimbaye na kumpa jirani hubaki na ua lake, na jirani naye ana lake. Ndivyo alivyofanya Clusius maisha yake yote. Mjini Leiden, karibu na chuo, bustani yake imetengenezwa tena kwa kufuata orodha ya mimea ya mwaka 1594, na kila mwaka, baridi ikisha kupita, watu huingia kuyatazama maua.